Chupa Sita za Kiganjo

Katika mwezi wangu wa kwanza wa kupeleka mvinyo majumbani, nilisimama hatua tatu kutoka kwa mwenye mzigo, nikamuuliza kama anamjua mwenye mzigo, akaniambia mwenye mzigo alihama. Nilimshukuru. Nikaandika kwenye fomu, kwa mwandiko mzuri kabisa, "Amehama," nikapanda pikipiki na kurudi Thika mjini na chupa zote sita. Nilikuwa nimeridhika. Hata mahali alikohamia nilikuwa nimepaandika.

Naanza na kosa hilo kwa sababu nyinyi mnaoingia kazini sasa mnaniita "mwalimu," na neno hilo hunifanya nitokwe na jasho. Watu hucheka nikisema nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na miwili. Daktari alitazama picha ya mgongo wangu, akasema siku za kupandisha katoni ghorofa ya nne zimekwisha. Kwa hiyo mgongo ndio uliostaafu. Mimi nimeufuata kwa heshima.

Kazi hii sikufundishwa darasani. Hakuna aliyefundishwa. Mvinyo nilijifunza kwa kusoma vibandiko vya chupa na kutazama video kwenye simu huku nimepunguza sauti ili dada yangu asijue. Majina ya Kifaransa niliyaandika kwenye daftari jinsi yanavyotamkwa, nikayakariri nikioga. Sinywi. Nimebeba maelfu ya chupa na ladha yake ninaijua kwa kusimuliwa tu. Nina daftari lingine la makosa, nimelijaza mbele na nyuma, na nakiri kwamba mengine niliyaandika kabla sijayafanya, ili nijitayarishe.

Siku ya kwanza nilifika ghalani saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ghala hufunguliwa saa mbili. Niliyemkuta wa kwanza ni mama mmoja mpakizi aliyetoka Siaya miaka mingi nyuma, amekaa juu ya katoni akila mihogo. Wote walimwita Mama Ochieng', nami nikamwita hivyo.

"Wewe ndiye kijana mpya?"

"Ndiyo, mama. Naitwa Njuguna."

"Na mbona umevaa kama unaenda kuoa?"

Nilikuwa nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi mikono ikasimama, tai nyeusi, na viatu vilivyong'aa. Kwapani nilibeba ule ubao mgumu wenye kibanio cha chuma cha kushikia karatasi, nilioununua mwenyewe mjini, na kalamu tatu mfukoni, ikiwa mbili zitakwisha wino. Nilimweleza kwamba mteja anapokea mzigo na sura ya aliyeuleta. Alinitazama, akamega muhogo, akanipa.

Yeye ndiye aliyenifundisha kufunga. Chupa haigusi chupa. Kadibodi katikati, magazeti yaliyokunjwa chini, na juu usijaze mpaka kifuniko kikavimba. Halafu unaibeba katoni hadi sikioni na kuitikisa. "Ikisema neno moja," aliniambia, "haiendi popote." Mpaka leo nikinunua mayai nayatikisa kidogo sikioni, na mwenye duka hunitazama vibaya. Alinifundisha pia kwamba mvinyo huchukia jua kuliko binadamu. Ukiegesha pikipiki nje Ruiru saa saba mchana ukaenda kula, utakuta kizibo kimeanza kuchungulia, na mteja atakuwa amengoja wiki mbili ili anywe siki.

Mzigo wa Kiganjo ulikuja wiki ya tatu. Ulikuwa umetoka Cape Town, Afrika Kusini, ukakaa forodhani mpaka karatasi zake zikawa nene kuliko katoni. Chupa sita. Jina: Peninah Wanjiku Mwangi. Anwani: Kiganjo, Thika, karibu na kinu cha kusaga unga, ploti ya geti la kijani. Nambari ya simu haikupatikana. Nilipiga mara kumi na moja, nikaandika saa ya kila simu.

Ploti niliipata kwa urahisi. Ilikuwa ile ya kawaida ya Kiganjo: vyumba vya kupanga pande tatu, ua katikati, kamba za nguo zikikatiza huku na huko. Mama mmoja alikuwa akikamua blanketi. Mwingine, mnene na mwenye sauti, alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharagwe. Niliegesha, nikanyoosha tai, nikatoa ubao.

"Hamjambo. Namtafuta Peninah Wanjiku Mwangi."

Yule wa blanketi alitazama viatu vyangu kwanza. Kisha tai. Kisha ubao.

"Nani?"

Nikarudia majina yote matatu, polepole, kama hakimu.

"Huyo alihama," akasema, akaendelea kukamua.

"Alihamia wapi, mama?"

"Nakuru."

"Nyahururu," yule wa maharagwe akasema wakati uleule.

Walitazamana.

"Nakuru kwanza," yule wa maharagwe akaeleza, "halafu Nyahururu. Kwa dadake. Dadake ni mgonjwa."

Niliandika yote. Nakuru, koma, Nyahururu, koma, dada mgonjwa. Nikawapa pole.

Ghalani Mama Ochieng' aliisoma ile fomu, akaisoma tena, akaketi ili acheke vizuri.

"Njuguna. Wamekuuliza umebeba nini?"

"Hapana."

"Mtu aje na mzigo mpaka mlangoni, wanawake wawili wa ploti wasiulize ni nini? Hiyo umewahi kuona wapi?" Akanirudishia fomu. "Mimi naitwa nani?"

"Mama Ochieng'."

"Kwa kitambulisho?"

Sikujua.

"Wiki tatu umekula mihogo yangu na hujui jina langu. Hata huyo meneja hajui, huwa anaenda kuangalia kwa faili. Jina lile la kitambulisho ni la serikali. Mtu akija nyumbani kwangu aniite hilo jina lote, amevaa tai, ana karatasi, mimi pia nimehama. Nimehamia Uganda."

Kisha akanieleza jambo ambalo kila mtu Thika alilijua isipokuwa mimi na ubao wangu. Anayekuja kwenye ploti akiwa na jina lako kamili kwenye karatasi haji na habari njema. Anakuja kukata stima. Anakuja kukupa barua ya kuondoka. Anakuja na wito wa mahakama, na hata ukiwa shahidi tu wa kesi ya shamba la mjomba wa jirani, utaenda kortini kila mwezi mpaka meno yang'oke. Mimi nilikuwa nimeenda Kiganjo nikiwa nimejivika sura ya taabu hizo zote kwa pamoja, na kuzipiga pasi.

Siku hiyo nilijifungia chooni nikalia. Si sana. Dakika nne hivi. Kisha nikatoka na kuanza kupanga safari ya pili, kwa sababu sheria ya mizigo ile ilikuwa majaribio matatu tu.

Lakini siku zilizofuata nilipelekwa upande wa Ruiru na Kahawa Sukari, na huko nilijifunza kwa nini mteja wa mvinyo huwa amekasirika kabla hujafika. Fikirieni mambo kwa upande wake. Ameagiza chupa tatu. Ameambiwa ziletwe Alhamisi, kati ya asubuhi na jioni, maana yake Alhamisi yote. Haziwezi kuachwa kwa mlinzi, kwa sababu ni kileo na sheria inataka mtu mzima mwenye kitambulisho. Haziwezi kuachiwa msichana wa kazi ambaye kitambulisho chake kiko kwao Kakamega. Haziwezi kurushwa juu ya ukuta, ingawa mteja mmoja wa Kahawa Sukari aliwahi kuniomba nifanye hivyo. Huyo alikuwa mwalimu wa chuo kikuu mwenye shahada ya udaktari, na alikuwa amekaa nyumbani Jumamosi tatu akimngoja mtu asiyefika. Jumamosi ya nne nilifika mimi, na mlinzi wa geti akanizuia kwa dakika arobaini kwa sababu hakuniona kwenye kitabu chake. Mwalimu alipotoka hatimaye, alikuwa amevaa suruali ya kulalia na taulo begani.

"Kijana, hii chupa imesafiri kutoka Ufaransa kwa wiki tano. Kutoka hapo getini mpaka kwangu ni mita mia mbili. Unajua ni wapi imechelewa?"

"Getini, daktari."

"Getini!" Aliipiga katoni kofi. Niliitikisa sikioni kwanza, ikanyamaza, ndipo nikampa kalamu.

Niliporudi kwenye mzigo wa Kiganjo nilijiona nimekomaa. Tai niliiacha nyumbani, na ubao pia. Nilivaa jaketi la kawaida, nikaibeba katoni begani kwa mbwembwe, picha ya zabibu ikiangalia watu, ili kila mmoja aone kwamba sikuja kwa ubaya. Ilikuwa Jumapili mchana, watu wametoka kanisani. Mama wa maharagwe, ambaye sasa nilisikia wakimwita Mama Brayo, alikuwa mlangoni pake.

"Mama, mimi si mtu wa korti," nikaanza. Sijui ni nani aliyewahi kuaminiwa baada ya kuanza hivyo. "Nimemletea Peninah waini."

"Nini?"

"Waini. Chupa sita."

Mama Brayo alisimama. Akaita ploti nzima kwa macho.

"Peninah? Huyo hata chai ya tangawizi humlevya! Mama wa kanisa, anaimba kwaya, leo Jumapili, wewe unamletea pombe hapa mbele ya watoto? Umetumwa na nani kumharibia jina?"

"Kwa hiyo yupo? Mlisema amehamia Nyahururu."

"Yuko Nyahururu! Na huko pia hanywi!"

Nyuma yake, kwenye chumba cha tatu, pazia lilitikisika, uso wa yule wa blanketi ukachungulia na kupotea, kisha nikasikia komeo la mlango likiingia mahali pake. Niliweka katoni kwenye pikipiki nikaondoka. Makofi ya kebehi yaliyonisindikiza sikuyahesabu.

Jumatatu meneja alinikumbusha utaratibu. Jaribio la tatu likishindikana, kompyuta ya kampuni yenyewe humtumia aliyetuma mzigo ujumbe: "Mpokeaji amekataa mzigo." Fomu yetu ilikuwa na visanduku vinne tu: amepokea, hayupo, amehama, amekataa. Hakukuwa na kisanduku cha "aliyeupeleka ni mjinga."

Kanuni ilitukataza kuwasiliana na waliotuma mizigo. Ni kanuni ya kwanza niliyoivunja maishani. Nambari ya Cape Town ilikuwa kwenye karatasi. Niliandika ujumbe mara tatu, nikafuta mara tatu, kisha nikatuma: "Habari. Ninao mzigo wako Thika. Sijaweza kumpata mpokeaji. Naomba msaada." Kabla sijaweka simu mfukoni ikalia.

"Amekataa?" Sauti ya mwanamke kijana, na nyuma yake mashine ikinguruma.

"Bado hajauona."

Alipumua. Akamwambia mtu aizime mashine. Kisha akaniambia anaitwa Wangari, na kwamba Peninah ni mamake, na kwamba walikuwa hawajaongea kwa miaka minne. Alikuwa akisomea uuguzi hapa Thika, akaacha mwaka wa pili, akaenda na rafiki yake kuvuna zabibu huko Cape. Mamake alimwambia siku ya kuondoka, "Sikukuzaa uende ukakamue pombe," na hilo likawa neno la mwisho baina yao. Alianza kwa kuvuna. Kisha kuosha mapipa. Mwaka huo mwenye shamba alimpa pipa moja dogo alitengeneze mwenyewe kutoka mwanzo hadi mwisho, na ulipofaulu mvinyo wake, wakamwekea jina lake kwenye kibandiko. Chupa sita za kwanza ndizo alizozituma Kiganjo.

"Mbona hukumwambia zinakuja?"

"Nambari yake ilibadilika. Na ningeipata, angesema hapana kwa sauti yake. Nilisema kama atakataa, akatae kwa karatasi. Karatasi naweza kuivumilia."

Hapo nilielewa ninachobeba. Yule mama hakuwa amekataa kitu. Hakujua hata kwamba kuna kitu cha kukataa. Na bado fomu yangu, kwa kisanduku kimoja na kwa mwandiko wangu mzuri, ilikuwa karibu kusema kwa niaba yake neno ambalo binti yake asingelisahau.

"Usimwulizie Peninah," Wangari akaniambia. "Hakuna mtu humwita hivyo pale. Zamani alikuwa Mama Wangari. Mimi ndio kifungua mimba. Lakini nilipoondoka alisema hilo jina alilitupa, kuanzia siku hiyo aitwe Mama Kimani, kwa ndugu yangu mdogo. Sijui siku hizi wanamwitaje." Sauti ikapungua. "Ukijua, usiniambie. Au uniambie. Sijui."

Mama Ochieng' alisikiliza hadithi yote huku mikono yake ikikunja magazeti. Hakucheka hata mara moja.

"Acha kwenda kama mtu wa mzigo," akasema mwishoni. "Nenda kama mgeni. Mgeni hubeba nini?"

"Mkate. Sukari. Maziwa."

"Mgeni husema nini akiingia?"

"Hodi."

"Na akikaribishwa?"

"Anakaa. Anakunywa chai."

"Chai iishe kabla hujasema neno katoni. Chai iishe, Njuguna. Najua wewe. Usiangalie saa."

Alhamisi asubuhi niliifunga katoni kwenye boksi la nyuma la pikipiki, nikalifunga kwa kufuli mbili. Mbele ya ploti kuna kioski. Nilinunua mkate, pakiti mbili za maziwa na kilo ya sukari. Nilimwuliza mwenye kioski, mzee wa makamo aliyekuwa akipanga nyanya mafungu mafungu, yule mama wa chumba cha tatu anayeanika mablanketi watu humwitaje.

"Wa chumba cha tatu?" Hakuinua hata kichwa. "Si ni Mama Wangari."

"Si Mama Kimani?"

"Kimani ni mtoto wake, ndiyo. Lakini huyo ni Mama Wangari. Mbona?"

Niligeuka nikaondoka. Nilisahau chenji, akaniita nirudi.

Niliingia ile ploti bila karatasi yoyote mkononi. Blanketi lingine lilikuwa kambani.

"Hodi hapa kwa Mama Wangari!"

Kijiko kilichokuwa kikikoroga mahali fulani kikaacha. Mlango wa chumba cha tatu ukafunguka, akatoka mama wa blanketi, yule yule niliyemwuliza siku ya kwanza kama anajijua.

"Nani anamwulizia Mama Wangari?"

"Naitwa Njuguna, mama. Kwetu ni Gatundu. Nimekuja kuwaona."

Mama Brayo alishatokeza kwake.

"Ngai! Si huyu ni yule wa korti?"

"Ndiye," mama wa blanketi akasema, bila kuniondolea macho.

"Leo amekuja na mkate."

"Naona."

"Korti siku hizi hupeana mkate?"

Nilicheka, kwa woga tu, na kucheka kwangu kukamfanya yule mama alegeze bega moja. Akauangalia mkate, kisha mimi. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikuwa nimelitarajia, ingawa nilikuwa nimeandika majibu ya maswali kumi na manne.

"Wangari yuko hai?"

Aliuliza polepole sana. Nikaelewa kwamba mgeni asiyejulikana akija mpaka mlangoni na jina la mtoto wako aliye mbali, huwa kuna habari moja tu unayoiogopa.

"Yuko hai, mama. Yuko mzima kabisa. Niliongea naye Jumatatu."

Alishika fremu ya mlango. "Ingia," akasema. "Ingia ndani. Mama Brayo, leta viti."

Tulikunywa chai. Nakiri kwamba saa niliiangalia mara mbili, lakini kwa siri. Aliniuliza kwetu Gatundu ni upande gani, babu yangu ni nani, tunavuna chai au kahawa. Mama Brayo alikaa karibu na mlango, tayari kwa lolote. Kikombe changu kilipokuwa kitupu ndipo nilipomwambia.

"Mama, Wangari amekutumia kitu. Amekitengeneza mwenyewe. Ni waini. Nisamehe kwa ile Jumapili, nilikileta vibaya."

Nilitoka, nikafungua kufuli zote mbili, nikaitikisa katoni sikioni kwa mazoea, nikaiweka mezani. Nilikata utepe kwa kisu changu kidogo na kuondoa kadibodi moja baada ya nyingine. Alivaa miwani ya kusomea. Akatoa chupa ya kwanza kwa mikono miwili, kama mtu anayemtoa mtoto majini, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

Kibandiko kilikuwa cheupe, hakina mapambo. Juu yake neno moja kubwa: Wangari. Chini kidogo, kwa herufi ndogo, mwaka na mahali.

Alilisoma muda mrefu kuliko neno moja linavyohitaji.

"Huyu mtoto," akasema mwishowe, "alikuwa hawezi hata kupika chai. Ilikuwa inafurika kila siku."

Akatoa ya pili, akasoma. Ya tatu. Alizisoma zote sita, moja moja, ingawa zilikuwa zimeandikwa kitu kilekile.

"Na sasa utakunywa?" Mama Brayo akauliza. Alikuwa amesogea mpaka mezani.

"Nitaiangalia kwanza."

"Na wa kanisani watasema nini?"

"Waseme. Wasome pia, jina liko hapo." Akaiweka moja ndani ya kabati la vioo, mbele ya vyombo vya wageni na picha ya harusi yake, akageuza kibandiko kikaangalia mlango. Akarudi nyuma. Akakisogeza tena kidogo. Mtu anayesahihisha kitu kilichonyooka tayari mimi namjua nikimwona, na nilimpenda tangu dakika hiyo.

Fomu ilibidi. Nilimwomba kitambulisho kwa aibu. Alikitoa ndani ya Biblia, akasema, "Huyu Peninah mliyekuwa mkimtafuta, basi amerudi kutoka Nyahururu," na Mama Brayo akacheka mpaka akashika ukuta. Alitia sahihi kwa mwandiko wa shule ya zamani, kila herufi imekamilika. Niliweka alama kwenye kisanduku cha "amepokea." Nimeweka alama nyingi tangu siku ile, na hakuna iliyonipa raha kama hiyo.

Nilimwandikia nambari ya Cape Town kwenye karatasi, nikatoka nje ili apige akiwa peke yake. Sikusikiliza. Sawa, nilisikiliza kidogo. Nilisikia akisema, "Ni mimi. Ni mamako," kisha akauliza kama huko kuna baridi na kama ana sweta. Baada ya hapo nilienda kusimama kando ya pikipiki, kwa sababu macho yangu yalikuwa yameanza kufanya mambo yao.

Jioni nilimtumia Wangari ujumbe, maana alikuwa ameniambia nimwambie na nisimwambie, nami kwa mara ya kwanza maishani sikuandika rasimu. "Kiganjo anaitwa Mama Wangari."

Alijibu papo hapo. "Nani amesema?"

"Mwenye kioski. Ploti nzima. Na yeye mwenyewe ameitika."

Baada ya karibu nusu saa ukaja ujumbe wa neno moja: "Rudia."

Nikarudia. Niliuandika tena na tena mpaka akaniambia basi.

Katoni ya Kiganjo imekuja kila mwaka tangu hapo, na kila mwaka Mama Wangari alikuwa getini kabla sijazima injini. Meneja alinionya kwa kuvunja kanuni, nikaiweka barua ya onyo kwenye daftari la makosa, halafu baada ya wiki mbili nikaitoa, kwa sababu haikuwa mahali pake. Nilikosea mengine mengi baadaye. Nilivunja chupa Ruiru. Nilimpelekea mchungaji mzigo wa jirani yake. Niliwahi kungoja saa mbili nje ya geti lisilo sahihi, nikiwa na uhakika wote wa dunia. Lakini katika miaka yote iliyofuata hakuna mzigo wangu hata mmoja uliorudi kwa aliyeutuma ukiwa na neno "amekataa" kabla mwenyewe hajauona kwa macho yake.

Siku hizi kanuni ile ya kutowasiliana na waliotuma imefutwa, na kabla katoni haijapanda pikipiki, mpakizi humwuliza aliyeutuma mzigo: majirani wa mpokeaji humwitaje? Jibu linaandikwa juu ya katoni kwa kalamu nene, na jina la kitambulisho linaandikwa chini yake, kwa herufi ndogo, kwa ajili ya sahihi tu.